Mpangaji Naye Ana Mtaa

 

Nimeombwa niongee kuhusu ardhi na sheria, na najua wengi mnasubiri habari za wenye hati. Mimi leo naongelea mpangaji. Yule dada wa saluni pale Mikumi, fundi gereji, mama lishe anayewapikia madereva wa malori ya Tunduma, kijana aliyepanga chumba kimoja karibu na stesheni Kilosa. Mji ukipangwa upya, hawa ndio wa kwanza kuondoka na wa mwisho kuulizwa.

Kilosa ilikua kwa reli na mkonge. Leo inapitiwa na treni ya umeme. Mikumi inaishi kwa barabara kuu. Na barabara ina alama zake. X nyekundu ni bomoa bila fidia. X ya kijani ni kwamba barabara imekufuata, utalipwa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Sasa niambieni, mpangaji aliyekaa nyuma ya ukuta huo miaka kumi na tano, X yake ni ya rangi gani?

Katiba yetu, ibara ya 24, inalinda mali ya mtu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Safi kabisa. Lakini mthamini anahesabu tofali, bati na miembe. Hahesabu jirani anayekulelea mtoto, wala duka linalokukopesha unga mpaka mwisho wa mwezi. Mtaa kwa maskini ni hayo.

Hebu tuangalie Magomeni Kota, Dar es Salaam. Wale walikuwa wapangaji wa nyumba za manispaa. Nyumba zikavunjwa, kaya 644 zikatawanyika, na kiwanja kikabaki kitupu kwa miaka. Oktoba 2016 Rais Magufuli akafika pale, akaahidi watajengewa na kukaa miaka mitano bila kodi. Machi 2022 Rais Samia akazindua fleti 656. Tusione aibu kulisema hilo eti kwa sababu sisi ni wapinzani. Wapangaji walirudi mtaani kwao, na ni jambo jema.

Ila tujiulize waliwezaje kurudi. Walikuwa na orodha. Walijulikana ni nani na nani, na waliendelea kudai wakiwa kundi moja. Bila orodha, ahadi ya rais ingemfikia nani? Na hata hivyo walisubiri karibu miaka kumi. Kuna wazee waliondoka pale wakiwa na nguvu zao, hawakurudi.

Wana Kilosa mnalijua hili. Mafuriko ya Mkondoa, Desemba 2009 kuingia Januari 2010, yalibeba nyumba, watu wakahamia kwenye mahema. Maji hayakuchagua, yalibeba na makaratasi. Ukiwa huna karatasi, kilichobaki ni jirani wa kusema, "Huyu alikuwa anakaa hapa." Mahakamani huo unaitwa ushahidi. Kumbukumbu za mtaa siyo stori za kijiweni tu, makamanda.

Kwa hiyo naomba tufanye kazi tatu. Kwanza, kila kitongoji tuandike orodha ya wakazi, wapangaji wakiwemo, mwenyekiti asaini, nakala tukae nayo. Pili, mwambieni kila mpangaji adai mkataba wa maandishi, atunze risiti, apige picha chumba na biashara yake. Tatu, tusomeane fomu za uthamini kabla mtu hajasaini. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema fidia ikiidhinishwa ilipwe ndani ya miezi sita. Ikichelewa, ina riba. Wangapi hapa mlikuwa mnajua?

Mwaka 2015 jimbo la Mikumi lilimpeleka bungeni Joseph Haule, Profesa Jay, kwa kura za watu hawa hawa. Wengi wao ni wapangaji. Tuliwafuata chumba kwa chumba kuomba kura. Safari hii twende chumba kwa chumba na daftari, hata kama hakuna uchaguzi.

Daftari liko hapa mezani, tuanze na majina ya waliopo.