Kanisa Kuu la Chartres



Wengi waendao Ufaransa wakati wa likizo hufika Chartres, mji ulio kilomita 90 hivi kusini-magharibi ya Paris. Kanisa lake kuu liliungua mwaka 1194, likajengwa upya. Madirishani mna vioo vya rangi vyenye sura za watakatifu, na chini yao mafundi wakiwa kazini: waoka mikate, maseremala, washona viatu.

Mwaka 1939, vita vilipokaribia, vioo vilishushwa vikafichwa. Agosti 1944 askari wa Marekani walidhani adui yumo mnarani. Kanali Welborn Griffith aliingia kuhakikisha, wala hakumwona adui, mizinga ikazuiwa. Siku iyo hiyo akauawa vitani.

Basi mgeni atazamapo vioo vile, na awakumbuke pia waliovihifadhi.