Ndugu Aliyerudi Kutoka Melini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Chwele)



Tumeombwa tuseme machache juu ya vijana wetu waliokwenda kufanya kazi baharini, na sasa wanarudi nyumbani kutafuta kazi ya ufundi. Kutoka hapa hata Mombasa ni zaidi ya kilometa 800, na wengi wetu bahari hatuijui. Ndiyo maana sokoni watu hudhani kwamba huko pesa huvuliwa kama omena, na aliyerudi hana haja tena ya mshahara. Tajiri naye anapenda sana tudhani hivyo.

Yuko ndugu yetu mmoja, jina lake tunaliacha, aliyekaa miaka sita katika chumba cha mashine cha meli za mizigo. Alianza kwa kupangusa mafuta, akamaliza akiwa fundi wa kufungua na kufunga mashine. Aliporudi alikwenda kuomba kazi katika karakana moja ya upande huu. Wakamjaribu kwa mashine ya dizeli iliyokuwa imelala wiki tatu. Siku ya pili ikawaka. Basi akaandikwa kazi, lakini kwa mshahara wa msaidizi, tena wa kulipwa kwa siku, kwa kuwa eti vyeti vyake ni vya majini na kazi hii ni ya nchi kavu.

Sisi wa reli neno hili linatushangaza. Dizeli ni dizeli. Katika garimoshi letu la dizeli mashine haizungushi magurudumu yenyewe; inazungusha jenereta, na umeme wake ndio unaokwenda kwenye mota zilizo katika ekseli. Ziko meli zinazokwenda kwa njia hiyo hiyo. Mtu aliyezoea pistoni, vali na pampu za mafuta za meli hatapotea ndani ya garimoshi, wala ndani ya mashine ya kusaga mahindi.

Tena amekuja na jambo ambalo huku tumelisahau. Melini mashine haingojwi mpaka ife. Iko daftari, na saa ambazo mashine imefanya kazi huandikwa humo. Zikifika hesabu yake, sehemu ile hufunguliwa hata kama inakwenda vizuri, maana katikati ya bahari hakuna pa kuazima spea. Huku kwetu ni mpaka moshi mweusi uonekane kutoka barabarani, ndipo fundi aitwe, na lawama ziwe zake.

Kadhalika amezoea saa za kupumzika. Yako Mapatano ya Kazi za Baharini ya mwaka 2006, ambayo Kenya iliyathibitisha mwaka 2014. Yanasema baharia apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na si chini ya saa 77 katika siku saba. Ndugu yetu aliuliza karakanani saa zetu zimeandikwa wapi. Msimamizi alikasirika, na wenzetu wengine pia, tusifichane.

Wako walionung'unika kwamba huyu amekuja kula kazi zetu. Tunawauliza: akiikubali bei ya msaidizi, huku akifanya kazi ya fundi kamili, kesho tajiri atamwambia nini fundi wa miaka kumi anayeomba nyongeza? Atamwonyesha mlango, na mtu wa melini amesimama nje. Mshahara wake ukishuka, wetu umeshuka. Baada ya vita kwisha mwaka 1945 wazee wetu walirudi kutoka Burma wengine wakijua malori na mashine, nao wakaambiwa warudi kwenye jembe. Hatutaki kuyaona hayo mara ya pili.

Basi, ninyi mnaorudi, kitabu cha baharia msikitupe, ndicho kinachoonyesha meli mlizozifanyia kazi na muda wake. Nendeni mkafanye mtihani wa ufundi wa NITA. Kisumu wana chuo chao. Daraja la tatu ndilo la chini, la kwanza ndilo la juu. Ukiwa na daraja, neno la nchi kavu na majini halina nguvu.

Na sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kifungu cha 9 chataka mapatano ya miezi mitatu au zaidi yaandikwe. Ndugu yetu ana miezi mitano pale, na karatasi hajaona. Juu ya NSSF, tazameni miaka mliyokuwa nje kama kitu kiliwekwa. Wengi wataona pengo. Mtu anaweza kujiwekea mwenyewe kwa hiari.

Barua ya chama imekwisha kwenda kwa tajiri, ikitaka mapatano ya maandishi na mshahara wa fundi. Jibu lililokuja ni kwamba wanaangalia. Tumewapa mpaka mwisho wa mwezi. Jumamosi ijayo tutakuwa hapa hapa, saa nane mchana. Wote mliotoka melini mje na vitabu vyenu, hata vile vilivyolowa maji.