SAFARI YETU YA KUIONA NCHI
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi



Habari za hisa na mikopo mtazisikia kwa Mweka Hazina. Sisi tumeombwa tueleze habari ya safari, maana maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema akina mama wamelewa pesa, sasa wanataka kupanda ndege.

Jamani, tuulizane. Wengi wetu hapa Mbeya tumefika Dar es Salaam kwa ajili gani? Kuuguza na kuzika. Nchi hii ina zaidi ya kilomita za mraba 900,000, wageni wanavuka bahari kuja kuiona, na sisi wenyewe tunaijua kwa picha za kalenda. Mama aliyelea watoto saba hana haki ya kuona bahari kabla macho hayajafifia?

Pesa ya safari haitoki kwenye sanduku la kufuli tatu. Ile ni pesa ya mikopo, haiguswi. Waliojiandikisha wanaweka shilingi 10,000 kila juma, pembeni, na kwa majuma 100 kila mmoja atakuwa na milioni moja. Ni jasho la vitumbua na mchele. Ndiyo sababu tunataka mpango uwe mzuri, isije ikapotea kwa kuchelewa ndege.

Mpango wenyewe ni huu. Tutaondoka baada ya mavuno, mwezi wa nane. Machi hadi Mei ni masika, njia za mbugani zinakuwa tope. Tutapanda ndege Uwanja wa Songwe, ule uliofunguliwa mwaka 2012, mpaka Dar es Salaam. Hapo tunalala. Asubuhi tunapanda boti kwenda Unguja, kama saa mbili hivi majini. Tutalala siku mbili, tuuone Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Tutafika Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na leo pana kanisa. Historia ile ni yetu, na wajukuu wanatuuliza.

Tukirudi Dar es Salaam tunalala tena, halafu ndege mpaka KIA. Kutoka hapo ni gari hadi Karatu, na kesho yake alfajiri tunashuka Ngorongoro. Shimo lile lina kina cha kama mita 600, na ndani yake wamo simba, tembo, nyati na hata faru. Siku moja inatosha kuona mengi. Serengeti tumeiacha kwa sasa, kwa kuwa ni mbali zaidi na inataka siku nyingine na pesa nyingine. Kurudi nyumbani ni basi, kupitia Dodoma na Iringa.

Mmeuliza, mbona tunalala Dar es Salaam mara mbili, si hasara? Si hasara, akina mama. Ukungu ukishuka Songwe, ndege inachelewa. Upepo ukivuma baharini, boti nayo inachelewa. Tiketi ya pili ukiinunua mbali na ile ya kwanza, ndege ya pili haikusubiri, na pesa mara nyingi hairudi. Kutoka bandarini mpaka uwanja wa ndege kuna foleni. Usiku mmoja wa nyumba ya wageni ni bei ndogo kuliko tiketi mpya.

Mambo mengine ya kushika ni haya:

Kwanza, jina. Hapa tunaitana Mama Fulani, lakini tiketi iandikwe jina lile lile lililo kwenye kitambulisho cha Taifa. Kama kitambulisho kina jina la baba, usiandikishe la mume. Kitambulisho hicho hicho kitatufaa getini Ngorongoro, kwani mwananchi analipa kidogo sana kuliko mgeni.

Pili, saa. Tiketi haihesabu saa kama sisi. Ikiandikwa 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na 13:00 ni saa saba mchana. Asiyeelewa amwonyeshe Katibu mapema. Uwanjani tufike saa mbili kabla ya ndege kuruka.

Tatu, uwanja. Dar es Salaam kuna jengo la abiria zaidi ya moja, na lile la tatu lilianza kazi mwaka 2019. Tuulize kabla ndege yetu inatokea lipi. Na Arusha mjini kuna kiwanja kidogo kule Kisongo, ambacho siyo KIA. KIA iko katikati ya Arusha na Moshi. Dereva aambiwe wazi atupokee wapi.

Nne, mizigo. Kisu cha jikoni kisiwemo kwenye mkoba wa mkononi. Mifuko ya plastiki tuiache, ilipigwa marufuku mwaka 2019. Sweta tubebe, Ngorongoro juu kuna baridi kama ya kwetu. Unguja tujistiri kwa khanga.

Akina baba, hatuwakimbii. Tutaondoka siku tisa na kurudi na habari za kusimulia. Tunachoomba ni mtuangalizie watoto na kuku.

Na wewe mama unayesema umezeeka, jina lako bado lina nafasi. Daftari liko kwa Katibu. Leta shilingi 10,000 ya kwanza Ijumaa.