Printa ya Picha na Kompyuta Iliyobadilishwa Mfumo
Mazungumzo yaliyotolewa Mbeya na kurudiwa Iringa mbele ya wapiga picha, wenye steshenari na wananchi wengine



Mada hii ilipopendekezwa, baadhi ya wenzetu ofisini walitabasamu. Walisema mlaji wa Nyanda za Juu Kusini ana mambo mazito kuliko printa: mbolea isiyoaminika, mizani iliyochezewa, mbegu zisizoota. Hatukubishana nao. Lakini tuliwasimulia habari ya mama mmoja mpiga picha, na baada ya hapo hawakutabasamu tena.

Mama huyo ana kibanda karibu na soko la Mwanjelwa. Kwa miaka kadhaa alichapisha picha za pasipoti, za kipaimara na za mahafali kwa printa moja ndogo ya picha, naye aliijua kama mkulima anavyolijua jembe lake. Majira ya mahafali ya kidato cha nne, kompyuta yake ikabadilishwa kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Kesho yake asubuhi printa ikanyamaza. Fundi akaitwa, akaiwasha, akaizima, akatikisa kichwa: “Mama, hii imekufa. Ni ya kizamani.” Wazazi walikuwa wamekwisha kulipia picha. Mama akakopa katika kikundi chake, akanunua printa mpya ya aina nyingine, isiyotumia wino aliokuwa ameuweka akiba, na ile ya zamani akamwachia fundi kama chuma chakavu. Baada ya majuma matatu akapita mbele ya banda la fundi, akaiona printa yake mezani ikitoa picha moja baada ya nyingine.

Je, fundi alimdanganya? Hatujui. Yawezekana siku ile hakuwa na jibu, akalipata baadaye. Mama hakuwa na karatasi yoyote inayoonyesha fundi alikagua nini wala alisema nini, kwa hiyo hatukuwa na pa kushika. Bali deni lilibaki kuwa lake, na marejesho ya kila juma yaliendelea.

Tueleze kwanza kinachotokea. Kompyuta na printa hazizungumzi lugha moja. Ni kama mzee wa Kinyakyusa na mzee wa Kihehe wasio na Kiswahili kati yao. Hawawezi kupatana bei ya ng’ombe mpaka aje mkalimani. Mkalimani wa kompyuta ni programu iitwayo kiendeshi, ambayo mafundi wengi huiita draiva. Mfumo wa kompyuta unapobadilishwa, mara nyingi mkalimani wa zamani huachwa nje ya mlango. Printa iko salama, waya ni uleule, wino umejaa, lakini hakuna wa kufikisha ujumbe.

Sababu ya tatizo hili kuonekana sana ni ya kalenda. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa bure masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Tunaomba mwelewe vizuri hapa: kompyuta za Windows 10 hazikuzimika siku ile, na hakuna aliyelazimishwa kubadilisha usiku huo. Waliofanya haraka ndio waliofika kwetu wakilia. Tena Windows 10 ilikuwa na namna mbili, ya biti 32 na ya biti 64, lakini Windows 11 ni ya biti 64 peke yake. Kiendeshi kilichoandikwa kwa biti 32 hakiwezi kufanya kazi katika mfumo wa biti 64, hata ukibembeleze vipi. Watumiaji wa kompyuta za Apple walipatwa na jambo linalofanana na hilo mwaka 2019, mfumo wa macOS Catalina ulipoacha kuendesha programu za biti 32.

Lakini kabla ya kuulaumu mfumo, ipime printa yenyewe. Printa nyingi za wino zina kitufe au vitufe ambavyo, vikibonyezwa kama kijitabu chake kinavyoelekeza, hutoa ukurasa wa majaribio wenye mistari ya rangi bila kompyuta kuhusika. Nyingine huchapisha moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera. Chomoa waya wa kompyuta, fanya jaribio hilo. Mistari ikitoka kamili, printa yako ni nzima, na mtu akikuambia imekufa mwonyeshe karatasi hiyo.

Mistari ikikatika, tatizo ni jingine, na hapa hali ya hewa ya kwetu ina neno lake. Ndugu zetu wa Tukuyu, ambako mvua haina haya, hulalamika kwamba rangi zinasambaa na karatasi zinanasa; karatasi ya picha iliyoachwa wazi imevuta unyevu. Iringa, pepo kavu zinapovuma, printa iliyokaa majuma mengi bila kazi hukaukiwa na wino kwenye matundu yake. Mambo hayo hayaletwi na Windows, na hayaondolewi kwa kubadilisha Windows tena.

Sasa jambo tunalotaka mlishike kuliko yote. Mtu aliyepandisha kompyuta yake kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 kwa njia ya kawaida, mafaili yake yakiwa yamebaki mahali pake, huwa na siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa awali. Njia hiyo imo ndani ya mipangilio ya kompyuta, kwenye sehemu ya urejeshaji. Siku 10 zikipita, mlango unafungwa. Unafungwa pia kabla ya hapo iwapo mtu atafuta mafaili ya mfumo wa zamani ili kuongeza nafasi kwenye diski. Na iwapo fundi amekupigia Windows upya, yaani amesafisha diski na kuanza mwanzo, mlango huo haukuwapo tangu awali. Kwa hiyo ukimpelekea fundi kompyuta, muulize: “Unapandisha, au unapiga upya?” Swali hilo dogo lingemwokoa yule mama wa Mwanjelwa, maana yeye alikuwa katika siku ya kwanza. Angerudi kwenye Windows 10 jioni ileile, akamaliza picha za mahafali, kisha akatafuta kiendeshi kwa utulivu.

Mwenye kutaka kubaki na mfumo mpya na afuate utaratibu huu. Soma jina kamili la printa kwenye kibandiko kilichoko nyuma au chini yake, herufi na namba zote, kwa sababu printa mbili zenye majina yanayokaribiana huweza kuwa na viendeshi tofauti kabisa. Chomoa waya wa USB. Iondoe printa kwenye orodha ya printa za kompyuta, na uondoe pia programu yake ya zamani, kisha uzime na kuwasha kompyuta. Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, ukachukue kiendeshi cha biti 64. Usipokiona cha Windows 11, chukua cha Windows 10. Mara nyingi kinafanya kazi. Programu ya kusimika ikikataa kuanza, bofya faili lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uingie kwenye sifa zake, uiruhusu iendeshwe kama iko kwenye toleo la zamani la Windows. Waya usiurudishe mpaka programu yenyewe ikuambie uurudishe.

Mbona tunasisitiza waya? Kwa sababu sisi wenyewe tuliponzwa nao. Ofisini kwetu tuna printa ya zamani tunayochapishia picha za vitambulisho. Kompyuta ilipobadilishwa mfumo, tuliiwasha waya ukiwa umechomekwa. Windows ikaitambua printa, ikaipa kiendeshi cha jumla ilichokuwa nacho, na karatasi ikatoka. Tukafurahi. Kumbe kiendeshi cha jumla hakijui habari za karatasi ya picha wala za kuchapisha bila ukingo. Kiliacha ukingo mweupe pande zote, na ili picha ienee kikaipunguza kidogo. Nyuso zilitoka nyeusi kuliko zilivyo. Tulikata picha, tukazigawa, na hatukugundua mpaka zilipoanza kurudishwa kwa kutokuwa na vipimo. Wenye picha walipoteza nauli na muda, na kosa lilikuwa letu. Tangu hapo, kila tunapogusa kompyuta ile, tunachapisha picha moja na kuipima kwa rula kabla ya kuchapisha ya pili. Nanyi mnaochapisha picha za pasipoti tunawaomba mfanye vivyo hivyo, kwa kuwa mteja atakayekataliwa mbele ya dirisha la ofisi hatailaumu Windows, atarudi kwako.

Wakati mwingine kiendeshi ni sahihi, lakini kazi zinapanga foleni na hakuna kinachotoka. Tazama kwenye sifa za printa ni tundu gani limechaguliwa. Baada ya mabadiliko, huweza kuandikwa tundu lisilo lake, na ujumbe ukawa unatumwa mahali pasipo na printa. Chagua lile lenye jina la USB. Ni kazi ya dakika mbili, nasi tumeshaona watu wakilipa fedha nyingi kwa dakika hizo.

Kuna mtego mmoja wa kuepuka. Ukitafuta kiendeshi kwenye intaneti, utakutana na programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia viendeshi vyote. Nyingine huonyesha orodha ndefu ya makosa ya kutisha, kisha hudai malipo. Nyingine hubeba virusi. Huzihitaji. Vilevile kuwa mwangalifu na flashi ya rafiki iliyojaa viendeshi vya kila namna.

Na kama kampuni haikutoa kiendeshi cha biti 64 kabisa? Bado kuna njia. Mwenye kompyuta ya zamani anaweza kuibakiza kuwa ya kuchapishia tu, bila kuiunganisha na intaneti, picha zikipelekwa kwa flashi iliyokaguliwa virusi. Steshenari nyingi zingeweza kufanya hivyo badala ya kuuza kompyuta hizo kwa bei ya kutupa. Wenye fundi anayejua mfumo wa Linux, au kijana wa chuo kikuu cha karibu mwenye moyo wa kujaribu, wamuulize kuhusu Gutenprint. Ni mkusanyiko wa viendeshi unaotolewa bure, na unahudumia printa nyingi za picha ambazo watengenezaji wake wamekwisha kuziacha.

Hatusemi kila printa ya zamani iokolewe. Kuna printa za picha zinazotumia utepe wa rangi badala ya wino wa maji, na utepe huo huuzwa pamoja na karatasi zake. Uliza kwanza kama utepe bado unapatikana madukani. Kama haupatikani, kiendeshi hakitakusaidia kitu, nasi tungekushauri ukubali hasara mapema kuliko kumlipa fundi bure.

Tukija kwenye upande wa haki. Unapompa fundi kazi, patana naye kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: tatizo ni lipi, atafanya nini, gharama ni kiasi gani, na ikishindikana utalipa nini. Akisema kifaa kimekufa, omba aandike sababu. Na kifaa kilichokufa bado ni mali yako, kichukue nyumbani.

Unaponunua printa, mpya au iliyotumika, usiseme tu jina la kampuni unayoitaka. Mweleze muuzaji kusudi lako: “Nataka kuchapisha picha za pasipoti kwa kompyuta hii yenye Windows 11.” Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemjulisha muuzaji kusudi lake na kutegemea ujuzi wake. Nenda na kompyuta yako dukani, printa ijaribiwe mbele yako, kwa karatasi ya picha. Dai risiti ya mashine yenye jina kamili la printa. Muuzaji akitoa maelezo ya kupotosha ili uuziwe, Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inayakataza hayo, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, ambayo wengi mnaijua kwa herufi FCC. Pelekeni malalamiko mkiwa na risiti, ujumbe wa simu na ile karatasi ya majaribio. Yule mama alikuja na maneno matupu, ya kweli lakini matupu, na ndiyo maana tumemsimulia badala ya kumsaidia.

Tumeona wengine mmekuja na printa zenu mkizifunga kwenye khanga na maboksi, na kuna ndugu aliyetoka Mafinga alfajiri na ya kwake. Meza ziko upande wa dirisha na umeme upo. Tutaanza na hiyo ya Mafinga, kwa sababu mwenyewe ametuambia kompyuta yake ilibadilishwa siku nane zilizopita.