Wakala, anzia kwenye fomu ya madai

Ndugu wakala wa bima ya maisha, mteja akikuuliza, "Nikifa, mke wangu atalipwaje?" usikimbilie kumtajia malipo ya kila mwezi. Toa fomu ya madai, aishike mwenyewe. Msomee kinachotakiwa: cheti cha kifo kutoka RITA, mkataba wa bima, kitambulisho cha mnufaika, akaunti ya benki. Mweleze pia kwamba kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Familia nyingi hukwama hapo.

Halafu kagueni majina kwenye fomu ya maombi ya bima, herufi kwa herufi. Fomu ikiandikwa Hadija na kitambulisho cha NIDA kikasoma Khadija, mjane atahangaika kutafuta hati ya kiapo akiwa bado kwenye eda. Inauma sana, na dakika mbili zako zingemwepusha.

Maswali ya afya kwenye fomu hiyo yajibiwe kwa ukweli. Kisukari au presha ikifichwa leo, kampuni inaweza kukataa kulipa kesho.

Nawe mteja, mwonyeshe mnufaika mahali unapouweka mkataba. Mwambie pia kwamba madai yakikataliwa naye hajaridhika, aende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima akiwa na barua ya kukataliwa mkononi.