Bima ya Bahari na Hati ya Shehena
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Chama)



Mlitutaka sisi wanne wa darasa la jioni tuwaeleze tunachokisoma, kwa kuwa wako waliouliza, nao wana haki ya kuuliza, makarani wa mezani wana shughuli gani na sheria za merikebu. Jawabu haliko mbali. Limo ghalani mwetu wenyewe.

Mwakumbuka ya kuwa Chama kiliagiza marobota 60 ya karatasi kutoka Mumbai kwa fedha ya michango yenu. Muuzaji alitoza bei ile waiitayo wafanya biashara C.I.F., yaani thamani ya mali, bima na nauli pamoja. Nasi tuliokabidhiwa kazi hiyo tulipoliona neno bima tuliridhika, tukaitia barua jaladani. Kontena lilipofunguliwa, marobota 22 yalikuwa yameloa, maana dari lake lilikuwa na tundu, na mvua ilikuwa imeingia. Tukadai bima. Tukajibiwa kwa adabu nyingi ya kwamba bima tuliyo nayo haikuhusu mvua.

Haya tumeyakiri mbele yenu mwaka jana, na leo hatuyarudii ila kwa sababu ndiyo yaliyotupeleka vitabuni.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba bima ya shehena si moja. Masharti yanayotumika zaidi duniani yalitungwa London mwaka wa 1982, yakatengenezwa upya mwaka wa 2009, nayo ni ya namna tatu: A, B na C. Namna A yahusu kila hatari isipokuwa zile zilizotengwa kwa kutajwa. Namna B yahusu hatari zilizotajwa tu, na miongoni mwake yamo maji ya bahari, ya ziwa au ya mto yaingiayo chomboni au katika kontena. Namna C ni nyembamba kuliko zote: moto, kupanda mwamba, kuzama, kugongana kwa vyombo, mali kutoswa baharini ili chombo kiokoke, na machache mengine. Wizi haumo. Mvua haimo. Na kwa kanuni za biashara za Chama cha Biashara cha Mataifa zilizoanza kutumika mwaka wa 2020, muuzaji wa C.I.F. halazimishwi kukata bima iliyo bora kuliko hiyo C, ila mmekubaliana vingine. Kwa hiyo yule muuzaji hakutudanganya hata kidogo. Alitupa alichopaswa kutupa, na sisi hatukuuliza.

Kosa la pili lilikuwa letu zaidi, maana lilikuwa kosa la kalamu. Aliyepokea mzigo alitia sahihi ya kwamba ameupokea salama, kisha ndipo akafungua. Sasa sheria yasemaje? Kanuni za Hague za mwaka wa 1924 zasema hasara inayoonekana kwa macho iandikwe wakati ule ule wa kupokea, na isiyoonekana iandikwe kabla ya siku tatu kupita. Kanuni za Hamburg za mwaka wa 1978 zina upole kidogo: inayoonekana, mwisho wake siku ya kazi inayofuata, isiyoonekana, siku 15 mfululizo. Asiyeandika hapotezi haki yake papo hapo, lakini huhesabiwa kuwa alipokea mzigo mzima, na mzigo wa kuthibitisha vingine humwangukia yeye. Barua yetu iliondoka siku ya ishirini na moja, imepigwa chapa vizuri sana.

Tanzania ilijiunga na Kanuni za Hamburg mwaka wa 1979, na Kenya mwaka wa 1989. Hata hivyo mataifa mengi yenye merikebu nyingi hayakujiunga, kwa hiyo hapana budi kugeuza hati ya shehena na kusoma mgongoni mwake, palipoandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi, ni kanuni zipi zilizochaguliwa. Tofauti si ndogo. Kwa Kanuni za Hague, nahodha akikosea njia kwa uzembe, mwenye chombo hawajibiki kwa mali iliyopotea, na muda wa kushtaki ni mwaka mmoja. Kanuni za Hamburg zimeuondoa udhuru huo, na muda wake ni miaka miwili.

Mwanachama mmoja alituambia, "Mimi mzigo wangu ukifika mzima, bima ya nini?" Swali hili lilituchukua jioni tatu, nasi twalipenda kuliko yote.

Iko desturi ya kale ya bahari, nayo imeandikwa katika mkusanyo wa sheria wa Kaisari Justinian wa mwaka 533, ikitajwa kuwa ni sheria ya watu wa kisiwa cha Rhodes: mali ya mmoja ikitoswa ili chombo kipone, wote waliopona huchanga kumfidia. Sisi tumeiita hasara ya shirika. Msidhani imekufa. Tarehe 23 Machi 2021 merikebu Ever Given, yenye urefu wa mita 400 na makontena kama 18,300, ilikwama katika Mfereji wa Suez, ikanasuliwa tarehe 29. Ikazuiliwa huko Misri mpaka tarehe 7 Julai kwa ajili ya madai ya wenye mfereji. Mwezi wa Aprili mwenye merikebu alitangaza hasara ya shirika, maana yake gharama za kuiokoa zitagawanywa kwa wote wenye mali ndani yake, kwa kadiri ya thamani ya mali ya kila mmoja. Mtu ambaye kontena lake halikupata hata mkwaruzo alidaiwa dhamana kabla ya kukabidhiwa. Mwenye bima, kampuni yake humwandikia dhamana. Asiye nayo hutakiwa kuweka fedha taslimu. Na hapa tuitendee haki ile namna C tuliyoilaumu: hili hulilipa.

Yako mengine, kama wajibu wa mwombaji bima kueleza kweli yote aijuayo, uliokuwamo katika sheria ya Kiingereza ya mwaka wa 1906, na jinsi Uingereza ilivyoupunguzia ukali mwaka wa 2015. Hayo tutayasema siku nyingine, maana hatujayamaliza wenyewe.

Darasa hukutana kila Jumanne saa kumi na moja na nusu. Juma lijalo tutasoma mgongo wa hati ya zile karatasi zetu, kifungu kwa kifungu; mwenye miwani aje nayo. Maneno haya, Katibu ametuahidi, yatapigwa chapa katika yale marobota 38 yaliyosalimika.