Wingi Si Aina: Maua ya Ziwa Victoria na Historia ya Mimea Itoayo Maua



Nimefurahi kuzungumza hapa Kirumba, Mwanza, kwa sababu ushahidi wa hoja yangu umeota ufukweni, hatua chache kutoka mitumbwi inaposhusha dagaa. Hoja yenyewe ni hii: mimea itoayo maua imeenea duniani kwa kuchanganya damu za wazazi tofauti. Kwa hiyo tukiona mmea mmoja umejaa kila mahali, tusidhani tumepata utajiri. Wingi ni jambo moja, aina ni jambo jingine.

Mimea ya nchi kavu ina umri wa zaidi ya miaka milioni 400, lakini chavua za kale kabisa za maua tunazozifahamu kwa hakika zina umri wa takriban miaka milioni 130. Kundi hili lilikuja nyuma, na leo lina spishi zipatazo 300,000 au zaidi. Orodha kuu ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyochapishwa kwa awamu na Bustani ya Kew ya Uingereza tangu 1952 hadi 2012, ilifikisha spishi 12,104, na nyingi mno kati ya hizo hutoa maua.

Siri ya mafanikio hayo imo ndani ya ua. Mwaka 1898 Mrusi Sergei Nawaschin aligundua kwamba katika mimea hii utungisho hutokea mara mbili kwa pamoja: mbegu moja ya kiume huungana na yai na kufanya kiinitete, ya pili hufanya akiba ya chakula. Mmea hauweki akiba hiyo mpaka mimba itungwe, kwa hiyo haupotezi nguvu kwa mbegu tupu. Ugali tunaokula sehemu kubwa ni akiba hiyo ya punje ya mahindi. Kabla ya utungisho, hata hivyo, chavua lazima ifike. Hapo ndipo maua yameonyesha ufundi wa ajabu.

Tazameni yungiyungi la buluu kwenye ghuba zenye maji tulivu. Mwaka 1999 makundi kadhaa ya watafiti yalilinganisha DNA za mimea na kufikia jibu moja. Tawi la kwanza kuchepuka katika ukoo wa maua limebakiwa na mmea mmoja tu, Amborella wa kisiwa cha New Caledonia, na moja ya matawi yaliyofuata mapema ni la mayungiyungi. Ua hili likifunguka siku ya kwanza huwa jike. Katikati yake kuna kikombe chenye majimaji. Mdudu anayetoka kwenye ua jingine huteleza juu ya stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, akatumbukia humo, na chavua aliyobeba ikaoshwa mwilini mwake. Wengine huzama. Siku zinazofuata kikombe hukauka, stameni hutoa chavua, na ua lile lile huwa dume. Kwa mpango huo chavua ya ua jirani hupata nafasi kwanza.

Tukitoka majini tukaenda mashambani, hadithi ni hiyo hiyo. Pamba ya Usukuma, inayotafitiwa kwa miongo mingi katika kituo cha Ukiriguru, ni Gossypium hirsutum yenye kromosomu 52. Nusu yake imetokana na ukoo wa pamba za Afrika na Asia, nusu nyingine na pamba za porini za Amerika. Koo hizo mbili zilikutana na kuzaana Amerika kabla binadamu wa leo hajatokea, na kromosomu zikaongezeka maradufu. Ukoo wa upande wetu ndio uliokuwa na nyuzi za kusokoteka. Kahawa ya arabika nayo ni mtoto wa mchanganyiko: mzazi mmoja ni robusta, ambayo ndugu zetu wa Bukoba wanaifahamu vizuri, na wa pili ni Coffea eugenioides, kahawa ya porini ya Afrika Mashariki.

Sasa tugeukie gugu maji. Lilitoka Amerika Kusini, likaonekana ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ulikuwa njia yake kubwa. Mwanafunzi akilipasua ua lake kwa wembe ataona stameni sita, tatu ndefu na tatu fupi, na staili, yaani kijiti cha kike cha ua, yenye kimo chake. Kwao kuna maua ya maumbo matatu: staili ndefu, ya kati na fupi. Stameni za kila umbo husimama kwenye vimo viwili vilivyobaki, ili kila ua lichavushwe vizuri zaidi na umbo tofauti. Nje ya kwao lililoenea zaidi ni umbo la kati. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya gugu hili katika nchi lilikohamia ni nakala za mmea mmoja. Ua limeumbwa kwa ndoa, lakini mmea unajaa kwa vitawi vitambaavyo: mmoja unachipuza mwingine, na eneo lililofunikwa linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi.

Lilijaa kwa sababu lilikuta maji yenye rutuba ya majitaka na mashamba, na likawaacha kwao maadui zake. Katika miaka ya 1990 nchi zetu tatu zilileta spishi mbili za mbawakavu wa jamii ya Neochetina wanaolila, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo lake lilikuwa limepungua sana. Lakini rutuba ile bado inaingia ziwani, na gugu hurudi.

Ziwa hili limekwisha kutufundisha somo hili kwa upande wa samaki: sangara aliongezeka, na spishi nyingi za furu zikatoweka. Tusirudie kwa mimea. Nawaomba vikundi vinavyosafisha mialo ving'oe gugu maji na kuacha mayungiyungi na mafunjo, maana mafunjo huchuja maji na kuhifadhi viumbe wengi. Walimu, wapelekeni watoto ufukweni wapasue ua kwa mikono yao. Viongozi wa Mwanza, zuieni majitaka kabla hayajafika ziwani. Bila hilo tutang'oa gugu kila mwaka.